Nyumba Niliyoifuta kwa Kidole

Ninyi mtakaosoma, kwanza naomba mnivumilie. Nilisoma mpaka darasa la sita tu, na hata huko nilikaa benchi la nyuma kabisa, mahali ambapo macho ya mwalimu hayafiki. Herufi zangu zinalala upande mmoja kama mpunga uliopigwa na mvua. Kuna maneno ambayo mpaka leo sijui kama yanaandikwa kwa r au kwa l. Mkikuta neno limepotea njia, lirudisheni wenyewe. Naandika polepole pia. Ukurasa huu wa kwanza nilianza watu walipokuwa wanakwenda shamba, na sasa wanarudi na kuni kichwani. Lakini jambo hili kwa mdomo linanishinda.

Naishi Wamaza, upande wa Kabambare. Wazazi wangu wanalima mpunga na muhogo, na mimi ninalima pamoja nao. Ilipotangazwa kwamba watu watapewa vyandarua vya kujikinga na mbu, kwetu tunaviita mustikere, muuguzi wa kituo chetu cha afya alitafuta kijana wa kwenda nyumba kwa nyumba kuhesabu watu. Alitaka mtu anayejua kusoma, asiyekunywa, na mwenye miguu ya kupanda vilima. Wengi waliosoma kuliko mimi walikuwa wamekwenda kwenye machimbo ya dhahabu. Nikabaki mimi. Muuguzi alimwambia mama yangu nikiwa nimesimama pale pale, "Huyu hasemi, lakini iko anaandika. Mutu asiyesema hawezi kugombana na watu."

Nilipewa telefone yenye kioo kipana, imevalishwa mpira mweusi ili isivunjike. Ndani yake kulikuwa na maswali: nani mwenye nyumba, watu wangapi wanalala humo, mahali pa kulala ni pangapi. Nikishajibu, nyumba ile inakaa ndani ya telefone. Halafu ilinipasa kuibeba mpaka Kasongo, kwenye ofisi moja yenye ordinatere, ile kompyuta ya kukaa mezani, na pale vinaunganishwa kwa waya ili vyote viwili vijue jambo moja. Huku kwetu hakuna rezo, yaani mtandao, ya kutuma vitu vizito hewani. Njia ni piki, na mvua ikibeba daraja la miti, ni miguu.

Kazi ile ya waya waliiita sinkronizasio. Mimi moyoni niliiita kupatanisha, kwa sababu telefone na ordinatere vilikuwa kama ndugu wawili walioachiwa shamba moja na baba yao. Kila mmoja anakuja na mipaka yake, na kila mmoja anaapa kwamba mwenziwe ndiye aliyesogeza mawe.

Kabla ya kufika huko, hata kuhesabu kwenyewe kulikuwa kugumu. Kwetu watu hawahesabiwi. "Mbuzi ndio wanahesabiwa," bibi mmoja mzee aliniambia mlangoni mwake, na hakunifungulia. Ukimwuliza mama ana watoto wangapi, anaona unawaonyesha kwa kifo. Na mimi, kumtazama mtu tu usoni ni kazi, sembuse kumwuliza jambo kama hilo. Basi nilijitengenezea njia. Nilitembea na mfuko wa punje za mahindi. Nilimpa mama wa nyumba ule mfuko bila maneno mengi, naye akachomoa punje moja kwa kila anayelala ndani, akaniwekea kiganjani. Mimi nikaenda nyuma ya jiko, nikahesabu punje, nikaandika kwanza kwenye daftari langu, halafu kwenye telefone. Daftari sikuagizwa na mtu. Telefone sikuiamini tu.

Majina nayo yalikuwa na aibu yake. Mwanamke aliyelingana na mama yangu nitamwulizaje jina? Kwetu yeye ni mama wa mtoto fulani; jina alilopewa na baba yake linabaki kwao alikozaliwa. Kwa hiyo kila mahali niliandika jina la mume, hata kama mume hayuko.

Safari yangu ya kwanza Kasongo, ordinatere haikuiona telefone kabisa. Bwana aliyekuwa anaitunza alikuwa mtu mwema, mnene, mwenye haraka siku zote. Waya wake ulikuwa umechoka shingoni, ikabidi niushike kwa kidole gumba, nimeupinda kidogo, nisipumue.

"Imeona?" aliniuliza.

"Haijaniona, baba."

"Si weye, mudogo wangu! Weye nani atakuona, umejificha nyuma ya meza? Telefone!"

Watu wote wa ofisi walicheka. Nilishika ule waya mpaka kidole kikafa ganzi, na mwishowe nyumba zangu zikavuka, moja moja, kama watu wanaopita juu ya gogo.

Safari ya pili telefone ilizimika njiani kwa kukosa moto wa betri. Ilipowaka tena ilikuwa imesahau siku. Ilisema tuko katika mwaka ambao mimi nilikuwa bado sijazaliwa. Ordinatere ikatazama tarehe zake, ikatazama za telefone, ikaamua kwamba mambo yangu ni ya zamani na yake ndiyo mapya. Ikanirudishia orodha ya safari iliyopita. Nyumba kumi na nne za kilima kizima zikapotea mbele ya macho yangu. Nikarudi kilimani na mfuko wangu wa mahindi. Wakaniuliza, "Umerudi? Unafikiri tumezaa wengine tangu juzi?" Bahati daftari lilikuwepo, lakini muuguzi alitaka niulize upya, nami nikauliza upya, nikiwa nimetazama miguu ya watu.

Safari ya tatu iliniumiza kwa njia nyingine. Ordinatere ilikuwa na orodha ya zamani, ya hesabu iliyopita, na ndani yake alikuwemo mzee mmoja wa kwetu aliyefariki wakati wa kupanda karanga. Mimi nilimwondoa katika telefone. Nilipounganisha waya, akarudi. Nikamwondoa, nikaunganisha, akarudi tena. Ordinatere iliona telefone imesahau mtu, ikanisaidia kumkumbuka. Nilirudi Wamaza na marehemu ndani ya mfuko, na siku nilipopita kwa mjane wake, mjukuu aliyejua kusoma akachungulia kioo, akataja jina la babu yake kwa sauti. Yule mama aliweka chini ungo wake.

"Hata mu telefone hawajamuacha alale?" alisema.

Nilizima kioo, nikaaga. Nilipomweleza bwana wa Kasongo safari iliyofuata, alicheka mpaka akapangusa jicho. "Hii mashine inauliza maswali kama mama mukwe," alisema. "Ikikuonyesha vitu viwili, ikuulize kama ni kimoja, weye jibu Oui, ndiyo. Oui, Oui, Oui, mpaka inyamaze. La sivyo tutalala hapa." Akanionyesha mahali pa kubonyeza. Kweli, tulipobonyeza namna hiyo, mzee yule aliungana na nyumba ya mjane wake, akaacha kunisumbua. Nilifurahi. Nilijiona kwamba sasa nimejua kazi.

Sasa nifike kwenye jambo lenyewe.

Katika nyumba zangu kulikuwa na mume mmoja mwenye wake wawili. Mume hakuwepo, alikuwa kwenye machimbo, mavuno mawili ya mpunga yalikuwa yamepita hajarudi. Bibi mkubwa alikaa kando ya barabara, nyumba ya matofali. Bibi mdogo alikaa chini, karibu na kijito, nyumba ya udongo ambayo mume alianza kuipaka chokaa akaacha katikati ya ukuta. Watu walisema mengi. Walisema mume anatuma sabuni na nguo kwa bibi mkubwa tu, na kwamba huyu wa chini ameshaachwa isipokuwa bado hajaambiwa.

Kwa bibi mkubwa nilipata punje tano. Nikateremka kijitoni. Bibi mdogo alinipa kiti, kilikuwa kimoja tu ndani ya nyumba, na yeye akakaa juu ya kinu kilicholazwa. Akaniletea karanga za kukaanga katika kisahani. Nilimpa mfuko. Akachomoa punje ya kwake, za watoto wake wawili, na ya mdogo wake wa kike aliyekuja kumsaidia kulima.  Halafu akachomoa ya tano.

"Na hii ya bwana," alisema. "Siku akirudi, atalala wapi?"

Bibi mkubwa alikuwa ameniambia maneno yale yale. Mume mmoja alikuwa amelala katika nyumba mbili, na mimi nikaona si kazi yangu kumtoa katika moja.

Niliuliza kwa sauti ndogo kama niandike jina la mume au la nani. 

"Andika yeye, mutoto wangu. Kama unaandika miye peke yangu, watasema siko na bwana. Niko na bwana. Iko ku machimbo, hajakufa, hajaniacha. Andika vizuri, karatasi ya serikali iseme hivyo."

Niliandika. Akaniomba nimwonyeshe, ingawa hakujua kusoma. Alipitisha kidole juu ya kioo, kwa upole, kama mtu anayepapasa kitambaa sokoni, na kioo kikaruka ukurasa mwingine. Tulicheka wote wawili. Nilimaliza karanga zote.

Safari ya mwisho ilikuwa siku ambayo orodha ingefungwa. Mwenye piki aliyenileta alitaka kugeuza mapema, maana wingu lilikuwa limekaa upande wa kwetu. Katika ofisi kulikuwa na wageni, watu wenye viatu vya kung'aa, na bwana wa ordinatere alikuwa amekaa nao chumba cha pili. Alitoka mara moja, akachomeka waya, akaniambia, "Unajua mwenyewe. Oui," akarudi ndani na kufunga mlango.

Nilishika waya kwa kidole gumba. Mashine ikauliza mambo mawili matatu, nikajibu kama nilivyofundishwa. Halafu ikaniletea mistari miwili, mmoja juu ya mwingine. Jina la mume lilikuwa moja. Kijiji kimoja. Watu watano, watu watano. Chini yake swali la Kifaransa, lile lile, kama hivi viwili ni kitu kimoja.

Hapa niandike kwa uangalifu. Mimi nasoma polepole, lakini nilikuwa nimemaliza kusoma. Nilielewa. Nilijua mstari wa juu ni nyumba ya barabarani na wa chini ni nyumba ya kijitoni. Niliona kabisa mbele ya macho yangu ule ukuta wenye chokaa nusu. Kulikuwa na neno Non, hapana, pembeni, karibu vile vile na Oui. Lakini sikujua nikibonyeza Non mashine itasema nini tena, na kama itaniuliza jambo jipya itanibidi nigonge ule mlango, niingie mbele ya wale wageni na matope yangu, nifungue kinywa.  Nje mwenye piki alikuwa anapiga honi.

"Weye! Mvua iko inakuja! Unaoa hiyo ordinatere, ama?"

Nikajiambia: inauliza tu kama mume ni mmoja, na mume kweli ni mmoja. Nilijua si hivyo inavyouliza. Nikabonyeza Oui. Mstari wa chini ukapanda juu, ukaingia katika mwenziwe, na hapo palipokuwa na watano na watano wakabaki watano. Nikachomoa waya, nikauviringisha vizuri, nikatoka.

Siku ya kugawa vyandarua tulikusanyika kwenye uwanja wa shule. Mimi kazi yangu ilikuwa kupasua mifuko ya plastiki na kukunjua vile vyandarua. Muuguzi alisimama juu ya benchi na karatasi zilizotoka Kasongo, akaita majina. Jina la mume yule lilipoitwa, bibi mkubwa alikwenda na kitenge kipya, akapokea, akavibeba kichwani bila kuvishika. Bibi mdogo alikuwa amesimama kwenye kivuli cha darasa na mtoto mgongoni. Aliendelea kusimama. Majina yakaisha. Watu walikuwa wanafungasha. Akaja mbele.

"Muganga, na siye?"

Muuguzi akapitisha kalamu juu ya karatasi. "Mama, jina ya bwana yako imeshapita. Wamekuja kuchukua."

"Ile ni nyumba ingine. Miye niko na nyumba yangu."

"Hapa iko nyumba moja."

Bibi mkubwa hakuwa amekwenda mbali. Aligeuka, vyandarua kichwani. "Hata serikali imejua!" alisema, na sauti yake ilifika mpaka nyuma. "Nyumba ni moja. Mwingine ni mugeni, na mugeni hapewi mustikere, anapewa njia."

Watu walicheka. Si wote kwa ubaya. Kuna mtu anacheka kwa sababu jirani amecheka. Mzee mmoja akasema, "Basi, mashine imeamua kesi ambayo kapita alishindwa," akimtaja mkuu wa kijiji, na kicheko kikapanda tena.

Muuguzi aliniita. "Weye ulipita kwa huyu mama?"

Yule mama alinigeukia kwa furaha. Nakumbuka furaha ile. Alikuwa anafikiri ameona shahidi wake. "Si huyu!" alisema. "Alikaa ku kiti yangu. Mutoto, waambie."

Watu wote waliniangalia. Nilikuwa na chandarua mikononi, nusu kimetoka mfukoni. Nikasema, "Sijui. Orodha imetoka ku ordinatere."

Ndivyo nilivyosema. Hakunitukana. Alikaza kitenge cha mtoto mgongoni, fundo likamshinda mara ya kwanza, akafunga tena, akaenda. Daftari langu lilikuwa nyumbani, chini ya mkeka, na ndani yake nyumba zote mbili zilikuwepo kwa mkono wangu, moja ya barabarani, moja ya kijitoni. Ningeweza kulikimbilia na kurudi kabla watu hawajamaliza kukunja. Sikukimbia.

Baada ya siku chache nikasikia amerudi kwa kaka zake, kijiji cha Lusangi. Ndugu za mume walimwambia kama karatasi inasema nyumba ni moja, basi wao hawana ugomvi na karatasi. Mama yangu alileta habari hiyo wakati tunakula. "Kutembea na watoto wawili njia ile," alisema, "na mutoto mukubwa hajui hata anaenda wapi." Baba akasema mashine za siku hizi zinavunja nyumba za watu. Mimi niliendelea kumega ugali. Ulikuwa na sombe, majani ya muhogo, yenye mawese mengi, namna ninayoipenda, na nilikula mpaka mwisho ili nisiulizwe kwa nini siwezi kula.

Orodha ya marekebisho ilipofunguliwa, nilijaribu kutengeneza jambo hili kimya kimya. Niliiandika upya nyumba ya kijitoni katika telefone, jina la mume, watu watano, kama daftari linavyosema. Nikapanda piki mpaka Kasongo, nikashika waya. Swali halikuja. Nikashukuru Mungu. Lakini nilipofungua telefone ili nihakikishe, nyumba haikuwepo. Niliandika tena pale pale, nikaunganisha, ikameza tena. Mara ya tatu bwana wa ordinatere alikuja kusimama nyuma yangu.

"Hiyo hautaweza," alisema. "Weye ndiye uliiambia ni kitu moja. Sasa inakumbuka. Kila ukileta wa pili, inamuingiza mu wa kwanza bila kukusumbua."

"Haisahau?"

"Isahau kwa nini? Iliuliza, ikajibiwa."

Aliyasema bila kuninyooshea kidole, alikuwa anakula muhogo wa kuchoma. Lakini njia nzima ya kurudi nilishika mgongo wa mwenye piki na maneno yale.

Nilikwenda kwa muuguzi na daftari. Nilimwonyesha ukurasa. Alisoma, akafunga, akanitazama juu ya miwani.

"Basi kwa nini ulisema haujui?"

"Niliogopa."

"Uliogopa nini?"

"Watu."

Akavuta pumzi. Vyandarua vitatu vilikuwa vimebaki, vya nyumba iliyohama. Akavifunga kwa kamba ya mti. "Vipeleke weye mwenyewe. Safari ya kosa ni ya miguu ya mwenye kosa." Kuhusu swali la mashine na jinsi nilivyolielewa, sikumwambia. Alidhani ordinatere ilichanganya yenyewe, nami nikamwacha adhani.

Nilitembea mpaka Lusangi. Jua lilikuwa limeinama nilipomkuta, anageuza muhogo juu ya mwamba wa kuanikia. Aliniona kutoka mbali na hakuacha kugeuza.

"Mutoto ya telefone," alisema. "Umekuja kutuhesabu na huku?"

Nilipiga magoti kama inavyostahili kwa mama, nikaweka vyandarua mbele yake. Nilisema vilikuwa vyake. Aliviangalia kama mtu anayeangalia mzigo wa mwingine.

"Ulifikiri nililia juu ya kitambaa? Kaka yangu alipewa ya kwake, watoto wangu wanalala ndani." Akageuza muhogo mwingine. "Miye nilikuomba jambo moja tu. Niliomba karatasi iseme. Na karatasi ilisema, mbele ya watu, mbele ya yule mwenzangu. Ilisema siko."

 Nilitoa telefone, nikamwambia kwamba kwa jina la mume mashine inakataa, nimejaribu mara tatu.  Mtoto wake mdogo alikuja akajaribu kufungua kamba ya vyandarua, akamwondoa mkono.

"Basi andika yangu," alisema.

"Jina la mtoto, mama?"

"Yangu. Ile baba yangu alinipa." Akalitaja. Nilikuwa sijawahi kulisikia, na sitaliandika hapa, kwa sababu alinipa mimi na ile mashine, hakuwapa ninyi. Niliandika herufi moja moja. Aliniwekea punje nne. Ya mume hakuitoa.

Nilipokwenda Kasongo mara nyingine, jina lile liliingia bila swali lolote, maana hapakuwa na lingine la kufanana nalo. Lakini ilikuwa nyumba ya Lusangi, kwa kaka zake. Nyumba ya kijitoni haikuwa tena na mtu wa kuandikwa.

Kabla sijaondoka siku ile kule Lusangi, aliniambia neno la mwisho. "Rudi useme pale waliponicheka. Sema ulihesabu nyumba yangu. Si kwangu hapa ku muhogo. Pale." Nilisema ndiyo.

Siku ya salongo, ile kazi ya pamoja ya kijiji, watu wote walikuja kufyeka uwanja wa shule. Kapita alipokuwa anagawa kazi, nilimwendea, nikamwambia nina neno. Alishangaa, akanyamazisha watu. Nikasimama mbele yao, panga mkononi. Nilisema kwamba nyumba ya kijitoni niliihesabu. Nilisema kwamba kule Kasongo niliulizwa, nikajibu vibaya. Lakini nilisema kwa sauti ambayo hata mimi sikuisikia vizuri, nikiwa nimetazama majani yaliyokatwa.

"Anasema nini?" waliuliza nyuma.

Kapita akageuka kwao. "Anasema alihesabu nyumba mbili. Anasema mashine ilikosea."

"Ah, mashine!" watu walisema, na niliona mabega yao yakilegea. Bibi mkubwa aliinama kufyeka, kwa nguvu kuliko wengine. Mtu mmoja akanipiga begani akasema, "Pole, mudogo, si kosa yako." Kapita aliniangalia aone kama kuna neno lingine.

 Nilitikisa kichwa kwamba nimemaliza, nikaenda kufyeka.

Kwa hiyo naandika. Mashine haikukosea. Iliniuliza, ikaniwekea majibu mawili, ikanisubiri. Nilijua jibu la kweli, nikatoa lingine kwa sababu sikutaka kugonga mlango. Na kwenye uwanja niliposema sijui, nilijua. Na siku ya salongo kapita aliponisemea maneno yasiyo yangu, niliyapokea kwa sababu yalikuwa mepesi.

Ninyi mliokuwepo pale uwanjani mkacheka, na ninyi wa Lusangi mnaopita karibu na ule mwamba wa muhogo, na hata ninyi wa mbali msiotujua, niandikieni. Mpeni barua mwenye piki yeyote wa njia ya Wamaza, ataifikisha. Muuguzi anataka niichukue telefone tena kwa hesabu inayokuja na sijamjibu. Niambieni kama mtu kama mimi anafaa kuingia tena katika nyumba za watu. Na kama katika ninyi yuko atakayemsomea mama yule haya niliyoandika, niandikieni alichosema, hata kama ni matusi. Msiyapunguze.